Taa ya Injini na Aibu ya Muuzaji

Mwezi Agosti wa mwaka nilioukamilisha udaktari wangu niliuza gari. Lilikuwa gari dogo la Kijapani la mwaka 2003, rangi ya fedha iliyokwisha kufifia juu ya paa, nami nililiuza kwa dola 2,400 kwa ndugu mmoja kutoka Bukavu aliyekuwa amewasili katika mji wetu wa chuo, jimboni Indiana, miezi mitatu kabla, pamoja na mkewe na watoto wawili. Injini ilishika kwa mpigo mmoja. Breki zilikuwa mpya. Dashibodi nayo ilikuwa safi: baada ya injini kunguruma hapakubaki taa hata moja iliyowaka. Usafi huo wa dashibodi ndio ulionifanya niandike insha hii, kwa sababu niliutengeneza mimi mwenyewe, siku mbili kabla ya mauzo, kwa kifaa cha dola 20 na kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Nilikulia Tanga, karibu na gereji ya chini ya mwembe ambayo fundi wake hakuwa na chombo cha kupimia isipokuwa masikio yake. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, akauegemeza mpini wake sikioni, akafumba macho, kisha akasema, “Plagi ya tatu.” Mara nyingi alipatia. Magari ya siku hizi hujisikiliza yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jimbo la California lilianza kuwalazimisha watengenezaji kuweka kompyuta inayochunguza mitambo ya kupunguza hewa chafu. Kuanzia magari ya mwaka 1996 utaratibu mmoja ukawa sharti kwa magari yote madogo mapya yanayouzwa Marekani, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Ndiyo maana chini ya usukani wa gari lolote la enzi hii, popote liendako, iwe Muscat au Mombasa, kuna tundu lenye pini 16 ambalo mtu yeyote mwenye kifaa anaweza kulichomekea na kuuliza: una nini?

Jibu huja kwa herufi moja na tarakimu nne. P0300 maana yake mwako unakosa mpigo katika silinda zaidi ya moja. P0301 ni kukosa mpigo katika silinda ya kwanza. P0171 ni kwamba hewa imezidi mafuta. P0455 ni kwamba mvuke wa petroli unavuja kwa wingi, na mara nyingi kosa ni la mwenye gari ambaye hakukaza kifuniko cha tangi. Kwa makosa mengi kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza. Hungoja kosa lionekane tena katika safari nyingine. Lisipoonekana katika safari tatu mfululizo, taa huzimika yenyewe, ingawa kumbukumbu hubaki hadi injini ipate moto mara 40 bila kosa kurudi. Yaani mashine imepewa kanuni za ushahidi: haimshitaki mtu kwa shahidi mmoja, na hata ikimwachia haisahau upesi. Jambo moja tu haliivumilii. Injini ikikosa mpigo kwa kiasi cha kuweza kuunguza mtambo wa kusafishia moshi, taa huanza kupepesa, na dereva mwenye akili husimama kando ya barabara.

Yangu haikupepesa. Iliwaka kwa utulivu, rangi ya machungwa, tangu Novemba hadi Agosti. Msimbo wake ulikuwa P0420.

Hapa sina budi kueleza kidogo, maana bila maelezo haya msomaji ataniona nimekosea kidogo kuliko nilivyokosea. Katika bomba la ekzosi kuna mtungi ambao mafundi wa kwetu huyaita yaliyomo ndani yake masega, kwa sababu kweli yanafanana na masega ya nyuki, nayo yamepakwa madini ya thamani kama platini na paladi. Moshi ukipita katika vijitundu hivyo, sehemu kubwa ya sumu zake hugeuzwa kuwa mvuke wa maji, kaboni dioksidi na naitrojeni. Kabla ya mtungi kuna sensa ya oksijeni na baada yake kuna nyingine. Ile ya mbele hupandisha na kushusha vipimo bila kukoma. Ya nyuma, masega yakiwa mazima, hutulia. Ya nyuma ikianza kucheza ngoma ileile ya mbele, kompyuta hujua kwamba moshi unapita bila kufanyiwa kitu. P0420 ni hilo tu: kazi ya masega imeshuka chini ya kiwango.

Lakini msimbo si hukumu, ni shitaka. Huenda sensa ya nyuma imezeeka. Huenda bomba lina ufa unaoingiza hewa kutoka nje na kuidanganya sensa. Huenda injini inakula oili na kuyaziba masega, na ukiyabadilisha bila kutibu injini utayabadilisha tena. Kwa hiyo nilifanya kama mtafiti anavyofunzwa. Nilikagua bomba asubuhi ya baridi, injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, nikipitisha mkono karibu na viungio. Hapakuwa na uvujaji. Nilinunua sensa mpya kwa dola 60, nikaifunga mwenyewe nikiwa nimelala chali juu ya kadibodi, nikafuta msimbo, nikaendesha. Siku ya sita taa ikarudi. Fundi mmoja alinitajia dola 1,100 kwa mtungi mpya. Ndipo nikaacha kutafuta, kwa kuwa nilikwisha kupata.

Ninalikazia hili la kupata. Baadaye, nilipokuwa nikijitetea ndani ya nafsi yangu, hoja niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwamba sikuwa na uhakika. Sisi wa vyuoni tumelelewa kuuheshimu mashaka, na ni vyema. Ila kuna mashaka yanayotafuta na kuna mashaka yanayojificha, na yote mawili huvaa kanzu moja. Mtu anayetafuta huuliza swali linalofuata. Mimi sikuwa na swali lililobaki isipokuwa nani atalipa.

Kitendo chenyewe cha kufuta hakina ubaya. Kila fundi hufuta. Akishatengeneza, hufuta msimbo ili aone kama utarudi. Mikononi mwake kitufe kile ni swali. Mimi pia nilipokibonyeza mara ya kwanza, baada ya kufunga sensa, nilikuwa nikiuliza. Nilipokibonyeza mara ya pili, Agosti, nikaliacha gari limeegeshwa kivulini ili lisipate nafasi ya kujichunguza tena, sikuwa nikiuliza kitu. Kidole ni kilekile, kitufe kilekile, na mtu aliyesimama dirishani asingeweza kutofautisha.

Tuna methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu, na kwa muda mrefu nilidhani taa ya injini ni wingu la namna hiyo. Sivyo. Wingu halisemi na yeyote. Hutokea tu, na anayejua kulisoma hulisoma. Taa hii iliwekwa na watu ili iseme, na iliwekwa kwa sheria. Na hapa kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui, nami nililijua kwa kulisoma na si kwa kulitafakari: haikuwekwa hasa kwa ajili ya dereva. Ilizaliwa na vita vya California dhidi ya moshi mzito uliokuwa ukitanda juu ya Los Angeles. Masega yakichoka, dereva mara nyingi hapungukiwi kitu. Gari linatembea vilevile na linapanda kilima kama jana. Anayepungukiwa ni mtoto anayengoja basi la shule pembeni mwa barabara. Taa ile ni sauti ya mtu asiyekuwamo ndani ya gari, iliyowekwa mbele ya macho ya aliyemo, na ndiyo sababu inatuudhi sana: inalalamika kwa niaba ya mtu ambaye hatumfahamu.

Katika jimbo la Indiana ni kaunti mbili tu za kaskazini-magharibi, Lake na Porter, zilizo jirani na Chicago, ambazo magari yake hupimwa moshi. Sisi tulikuwa mbali nazo. Hakuna aliyeniuliza kuhusu ile taa kwa miezi tisa, na nilikwisha kuizoea kama mtu anavyozoea dripu ya bomba jikoni.

Yule ndugu alikuja Ijumaa jioni. Tulikuwa tumejuana katika mkusanyiko wa Waswahili wa mji ule, ambao ulikusanya watu wa Pwani, wa Bara, wa Kivu na wa Bujumbura kwa sababu moja tu, kwamba tulielewana bila Kiingereza. Aliniita mwalimu, kwa kuwa nilikuwa nikifundisha Kiswahili chuoni huku nikimaliza tasnifu. Alilizunguka gari, akafungua boneti, akatazama kwa muda, akaliwasha. Akaniuliza, “Gari iko sawa, mwalimu?” Nikamjibu, “Linatembea vizuri sana.” Lilikuwa likitembea vizuri sana.

Sheria ilikuwa upande wangu. Mauzo ya mtu kwa mtu ya gari kuukuu huko kwa kawaida ni ya kulichukua kama lilivyo, na hati tuliyotia saini ilisema hivyo. Bei pia, nilijiambia, ilikuwa ya chini kidogo kuliko ya soko. Tena hakuniuliza kuhusu masega.

Mjadala huu ni mkongwe. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu kuhusu wajibu, akimwelekezea mwanawe aliyekuwa masomoni Athens (baba akimwandikia mtoto aliye ughaibuni, tunaijua barua ya aina hiyo). Humo anasimulia juu ya mfanyabiashara aliyefika Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria wakati wa njaa. Anajua kwamba meli nyingine zimo njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili wa madhehebu moja. Diogenes wa Babiloni anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, na zaidi ya hapo asidanganye, basi. Kunyamaza si kuficha. Antipater wa Tarsus anasema mnunuzi asikose kukijua chochote anachokijua muuzaji, kwa kuwa wanadamu wamefungwa katika undugu mmoja. Cicero anaelemea kwa Antipater, na namna anavyomjibu Diogenes ndiyo iliyonikamata shingo. Anakubali kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha, asema, ni kutaka kwa faida yako wengine wasijue unachokijua wewe, ilhali kukijua kungewafaa.

Angalia kwamba katika maana hiyo hakuna ulimi. Kuna kutaka tu. Mtu anaweza kuficha huku akizungumza siku nzima.

Wengi wetu tulisikia jambo hili kwa kisa kingine kabla ya kumsikia Cicero. Mtume Muhammad alipita sokoni Madina, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema mvua imelinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu watu waione. Nilipokuwa mtoto chuoni kwa Maalimu nilidhani kosa la yule mtu ni nafaka iliyolowa. Lakini mvua haikuwa kosa lake, na wala hakusema uongo. Alipoulizwa alijibu kweli papo hapo. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa lundo. Masega yangu yalichakaa kwa umri, kama yanavyochakaa ya kila gari. Hilo ni mvua. Dashibodi ile ndiyo ilikuwa lundo langu, nami nililipanga kikavu juu.

Lugha yetu imehifadhi mambo haya mahali ambapo hatuyatazami. Neno tunalolitumia kwa fedheha, aibu, limetoka katika neno la Kiarabu ambalo wanasheria wa Kiislamu wanalitumia kwa kasoro ya bidhaa, ile inayompa mnunuzi hiari ya kurudisha alichonunua. Na neno ghushi, tunalolisema kwa noti bandia na vyeti vya kubuni, ni la asili moja na lile lililotumika katika kisa cha soko la Madina. Kasoro ya kitu na fedheha ya mtu zimekaa katika neno moja. Sidhani kwamba waliotuletea neno walikusudia kutufunza maadili. Lakini nilipolitafakari niliona kwamba ile kasoro ya P0420, kabla sijabonyeza kitufe, ilikuwa ya gari. Baada ya hapo ilihamia kwa mwenye gari.

Siku ya tisa alinipigia simu. Nilikuwa nikifunga vitabu katika masanduku, kwani nilikwisha kupata kazi katika jimbo jingine. “Mwalimu,” akasema, “kuko taa imewaka.” Nikamuuliza ni taa gani, kana kwamba sijui. Akanieleza. Nikamwambia: “Kaza vizuri kifuniko cha tangi la mafuta, ndugu yangu, halafu endesha siku chache uone kama itazimika.” Akanyamaza kidogo. Akasema, “Asante, mwalimu.”

Ushauri ule ni sahihi. Ndio wa kwanza ambao fundi yeyote angempa mtu asiyejua msimbo. Lakini mimi niliujua msimbo. Na hii ndiyo sehemu ambayo hata Diogenes wa Babiloni asingenitetea. Ijumaa ile nilikuwa nimenyamaza. Siku ya simu nilifundisha. Nilichukua elimu niliyoipata nikiwa nimelala chali juu ya kadibodi, nikamchagulia mwenzangu kipande chake kimoja cha kweli ambacho kingempoteza, nikakisema kwa sauti ya upole ya mwalimu. Uongo wa moja kwa moja ungemwachia angalau kitu cha kunishika nacho.

Kuna jambo jingine, na nadhani linatuhusu hasa sisi tunaoishi mbali. Ningemuuzia gari lile Mmarekani nisiyemjua, angelikuja na rafiki yake fundi, angelichomekea kifaa chake, tungekuwa maadui wa adabu kwa nusu saa. Yule ndugu alikuja peke yake kwa sababu tangazo langu lilikuwa la Kiswahili. Ugenini, kusikia lugha yako ni kama kusikia hodi mlangoni pa kwenu: mikono inashuka yenyewe. Lugha ndiyo iliyokuwa dhamana, na mimi ndiye niliyekuwa nikilipwa na chuo kuifundisha.

Miaka miwili baadaye tulikutana Indianapolis, katika msiba. Gari lilikuwa nje, limeegeshwa nyuma ya basi dogo la kanisa, nami nilijua ni lile kwa paa lake. Baada ya mazishi nikamwomba tusimame kando, nikamweleza yote: sensa, dola 1,100, kitufe, kivuli, kifuniko cha tangi. Alinisikiliza huku akitazama chini. Kisha akaniambia kwamba Bukavu alikuwa fundi wa magari kwa miaka kumi. Jioni ileile ya Ijumaa aliazima kifaa kwa jirani na kukichomeka. Hakukuta msimbo. Alikuta orodha ya vipimo ambavyo gari hujifanyia, na karibu vyote vilisomeka kwamba havijakamilika. Kifaa kikifuta msimbo hufuta na hivyo. Gari lililosahau kila kitu ni gari lililosahaulishwa. Hilo hata mimi nilikuwa nimelisoma, nikaona si la mtu kulitambua.

“Simu nilikupigia ili unieleze mwenyewe,” akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakulirudisha gari, au hata kunigombeza. Akasema Jumatatu ile alikuwa anaanza kazi katika ghala lililo maili 18 kutoka alipokaa, zamu ya usiku, na hapakuwa na basi saa hizo. Angelilinunua hata kama ningemwambia. “Ila ungepunguza bei, mwalimu.” Akaongeza, bila ukali wowote, kwamba taa haijazimika tangu siku ile, na kwamba watoto wake huiita taa ya mwalimu.

Nilikuwa nimejiandalia mambo mengi ya kuomba radhi, na nilipoyasikia hayo sikuyasema. Nimefundisha maadili kwa miaka kadhaa sasa, pamoja na fasihi, na wanafunzi huniuliza kama kuungama kunafuta kosa. Huwa nawarudisha kwenye kisa cha nafaka, ambako yule mtu hakuambiwa ajute. Aliulizwa kwa nini iliyolowa haiko juu. Lakini nikijibu hivyo najua pia kwamba sehemu ya deni langu haina wa kumlipa. Moshi wa miezi yangu tisa na wa miaka yake miwili umekwenda ulikokwenda, na aliyeuvuta hatapiga simu.

Juma lililofuata nilimtumia dola 550. Nilifikiria kutuma zote 1,100, kisha nikaona kwamba nilitaka kutuma zote ili nionekane, nikatuma nusu, na hadi leo sijui kama hesabu hiyo ilikuwa ya uadilifu au ya ubahili. Alizipokea. Baada ya mwezi aliniandikia ujumbe mfupi: amenunua masega ya bei nafuu, ameyafunga mwenyewe, gari limejipima lote na taa imezimika, na ile sensa ya nyuma niliyoifunga mimi bado ni nzima, hakuhitaji kuigusa.